Tusahihishe Kitabu Kwenye Faili Mama

Wasomaji wenzangu, nashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie makosa ya mpangilio katika vitabu vya bure vya mtandaoni, vile ambavyo hakimiliki yake imekwisha na sasa ni mali ya umma. Dai langu naliweka mezani mapema ili mnibane nalo: mara nyingi kuondoa kosa ni kazi ya dakika moja. Kazi kubwa ni kulieleza, ili mtu asiyekujua, aliye mbali nawe, alipate bila kuhangaika na aliondoe kwenye faili mama, yaani faili la asili ambalo nakala nyingine hutokana nalo.

Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, Michael Hart alichapa Tangazo la Uhuru wa Marekani kwenye kompyuta ili yeyote alisome bure. Huo ndio mwanzo wa Project Gutenberg, ambayo leo ina vitabu zaidi ya 70,000. Wengi walioviandaa ni watu wa kujitolea. Tangu mwaka 2000 kuna kundi liitwalo Distributed Proofreaders, ambako msahihishaji hupewa ukurasa mmoja mmoja: picha ya ukurasa wa zamani na, kando yake, maandishi yaliyotolewa na programu ya kutambua herufi. Programu hiyo hutazama maumbo. Herufi r na n zikibanana, yenyewe huona m, na hivyo neno la Kiingereza "modern" hugeuka "modem". Kikagua tahajia hakishtuki, kwa kuwa hilo nalo ni neno halali. Jicho la msomaji pekee ndilo linaloshtuka.

Lakini leo nimekuja hasa kwa ajili ya mpangilio, na linaloniuma zaidi ni mashairi. Faili la EPUB, aina ya faili inayotumika kwa vitabu vya kielektroniki, ni kifurushi cha zipu chenye kurasa za HTML, zilezile zinazojenga tovuti. HTML haijali wapi umeanza mstari mpya; kwake hiyo ni nafasi tu kati ya maneno. Mishororo ya shairi isipowekewa alama zake, skrini huiunganisha yote ikawa aya moja. Vina vinazama katikati ya sentensi, beti zinapotea, na kijana anayemsoma mshairi huyo kwa mara ya kwanza anadhani ni nathari iliyoandikwa vibaya. Mshairi amekwisha kufa, hawezi kujitetea. Sisi tunaoliona kosa ndio tunaoweza kumtetea.

Mengine nayataja upesi. Zamani wachapaji walipamba herufi ya kwanza ya sura kwa mchoro mkubwa. Mchoro usipofunguka, "Zamani" inabaki "amani". Neno lililokatwa kwa kistari mwishoni mwa mstari hubaki na kistari hicho hata likiwa katikati ya mstari. Tanbihi huangukia ndani ya aya. Herufi é, faili likisomwa kwa usimbaji (namna kompyuta inavyohifadhi herufi kama namba) usio wake, hutokea kama Ã©.

Ukikuta kosa, usikimbilie kuandika. Kwanza lifungue faili kwa programu nyingine ya kusomea, au fungua nakala ya HTML kwenye kivinjari. Kosa likitoweka, tatizo ni programu yako, kitabu hakina hatia. Kisha tafuta skani, yaani picha za kurasa, ya kitabu chenyewe. Maktaba za mtandaoni za Internet Archive na HathiTrust zina nyingi mno. Hakikisha ni toleo lilelile, maana mwandishi aliweza kubadili maneno yake kati ya toleo na toleo. Tahajia ya kale na lahaja ya mhusika viachwe jinsi vilivyo. Hapa nina msimamo mkali: msomaji hana ruhusa ya kumfanya mwandishi wa karne iliyopita aandike kama sisi.

Sasa ripoti yenyewe. Usitaje ukurasa wa kwenye simu yako, kwani ukikuza herufi tu hesabu ya kurasa inabadilika. Taja maneno. Tuseme umeandika hivi: "Kitabu namba hii, nakala ya EPUB. Sura ya 7, aya inayoanza 'Walipofika mtoni'. Pameandikwa: aka-mwita. Iwe: akamwita. Skani ya toleo hili, ukurasa wa 112, inathibitisha." Anayepokea atanakili neno, atalitafuta kwenye faili, atatazama skani, atasahihisha. Linganisha na yule aliyeandika "kitabu kimejaa makosa". Huyo amemwachia mtu wa kujitolea kitabu kizima akisome upya. Picha ya skrini inasaidia kwa shairi lililovurugika, lakini iambatane na maneno, kwa sababu maneno yaliyo ndani ya picha hayatafutiki kwenye faili.

Wengine huniuliza kwa nini wasirekebishe EPUB yao wenyewe wakamaliza. Rekebisha ukipenda, ila umejisaidia wewe peke yako. Kwa Project Gutenberg, nakala za EPUB na za Kindle, kifaa cha kusomea vitabu, hutengenezwa na programu kutoka faili mama, kwa hiyo huko ndiko marekebisho yanakotakiwa kufika. Wikisource, maktaba ya bure ya mtandaoni, inakuruhusu uhariri mwenyewe, ukiwa na picha ya ukurasa pembeni: ukurasa uliosahihishwa huwekewa rangi ya manjano, na mtu wa pili akiuthibitisha unakuwa kijani. Standard Ebooks, kundi jingine linaloandaa vitabu vya bure, huweka mafaili yao hadharani kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi mafaili na mabadiliko yake, na anayeweza hupendekeza badiliko hapohapo.

Ukishika faili kwa mikono yako, badilisha kosa uliloliona tu. Usiamuru kompyuta ifute vistari vyote kwa mpigo, maana utafuta na vile alivyovikusudia mwandishi. Ukimaliza, lipitishe faili kwenye EPUBCheck, programu inayokagua kama EPUB imejengwa sawasawa.

Jambo la mwisho. Maandishi ya kitabu kimoja huwa yamekwisha kunakiliwa kwenye makusanyo kadhaa, na kusahihishwa huku hakusahihishi kule. Ripoti yako ipeleke kila unakolikuta kosa. Ukishajibiwa kwamba limeondolewa, pakua kitabu upya, kwa sababu nakala uliyoipakua mwanzo haibadiliki yenyewe, kisha fungua ile aya ya sura ya 7 uitazame kwa macho yako.