Na Wewe, Walala?

MWANAISHA: Assalamu alaikum, hamjambo nyote mnaotusikiliza, hapa Mombasa na kwengineko. Mimi ni Mwanaisha, muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, na niko na kaka yangu Athmani. Leo twamzungumzia baba aliyepata mtoto akashikwa na unyogovu, ule uzito wa moyo usioondoka. Athmani, anza na ile tuktuk.

ATHMANI: Haya. Rehema alikuwa na miezi minne. Mimi naendesha tuktuk, Kongowea kwenda Bombolulu na kurudi. Usiku mmoja nilifika nyumbani saa nne, nikazima injini mlangoni, kushuka nikashindwa. Mtoto alia ndani, kwenye pazia naona kivuli cha mke wangu chaenda, charudi, mtoto yuko begani. Mikono yangu bado imeshika usukani. Nilikaa hapo mpaka taa ikazimwa.

MWANAISHA: Mkeo alijua uko nje?

ATHMANI: Alijua. Aliniambia baadaye kwamba aliisikia injini ikizima, akawa anangoja mlango ufunguliwe. Hilo laniuma hadi leo.

MWANAISHA: Pole, ndugu yangu. Wakati ule ulidhani una nini?

ATHMANI: Kwanza nilidhani ni uvivu, kisha nikadhani ni jicho la watu. Mtoto nampenda, lakini nikimbeba sihisi kitu, kama nimeshikilia mzigo wa mtu. Na hasira, dada! Abiria akipungukiwa na shilingi 20, nataka tushikane mashati.

MWANAISHA: Hiyo hasira wasikilizaji waishike. Unyogovu wa wanaume wengi hauji na machozi. Waja na ukali nyumbani, kuchelewa kurudi, kazi bila kupumzika, kichwa na mgongo visivyopona kwa dawa, kutafuna majani ya muguka kutwa. Basi watu husema fulani amebadilika tabia tangu apate mtoto, yakaishia hapo. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, James Paulson na Sharnail Bazemore, walikusanya tafiti 43 kutoka nchi mbalimbali. Wakaona kiasi cha baba mmoja katika kila 10 hupata unyogovu, tangu mimba mpaka mtoto atimize mwaka. Na kipindi kibaya zaidi ni mtoto akiwa na miezi mitatu hadi sita.

ATHMANI: Na mimi nilikuwa katika mwezi wa nne! Hebu tazama mambo yetu yalivyo. Arobaini, zile siku 40 baada ya kujifungua, nyumba imejaa. Mama mkwe amekuja kutoka Kwale, alala chumbani na mzazi na mtoto, mimi nina godoro langu sebuleni. Asubuhi uji wa pilipili manga, maji ya moto ya kumkanda mzazi, jioni ubani. Siku ya saba akika. Rehema ni msichana, kwa hivyo mbuzi mmoja, na huyo mmoja nilimkopa. Siku ya tatu tu nilikuwa nisharudi barabarani. Basi arobaini ikaisha, mama mkwe akafunga mkoba, nyumba ikanyamaza. Deni la mbuzi liko pale pale, usingizi hakuna.

MWANAISHA: Katika siku zote hizo, watu walikuuliza nini?

ATHMANI: "Mama na mtoto hawajambo?" Msikitini, barazani, kwenye steji. Najibu hawajambo, alhamdulillahi. Sikumbuki swali jingine.

MWANAISHA: Mimi arobaini siilaumu hata kidogo. Nimeona wanawake wakipona kwa sababu yake. Linalonisikitisha ni baba kubaki wa kutafuta matumizi tu, kana kwamba yeye hakupata mtoto. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa baba aliyeajiriwa wiki mbili za mapumziko kwa mshahara kamili, lakini mwenye tuktuk, mwenye mkokoteni, mvuvi, atampa nani?

ATHMANI: Na kliniki nako. Nilimpeleka mtoto chanjo ya wiki 14, mahali sitapataja. Nikaambiwa, baba ngoja nje. Nikangoja juani na mkoba wa nepi.

MWANAISHA: Nakuomba radhi kwa niaba ya wenzangu. Na mimi nimewahi kusema hivyo, kwa kuwa chumba ni kidogo na foleni ni ndefu. Siku hizi nawaita ndani. Wiki ya 6, ya 10, ya 14, baba akija hapo ndipo pa kumshika. Kuna maswali 10 yaliyotungwa Edinburgh mwaka 1987 kwa ajili ya mama waliojifungua, yanauliza ulivyojisikia siku saba zilizopita. Hata baba huulizwa hayo hayo. Dakika chache tu. Na kama mama ana unyogovu, baba atazamwe pia, maana mara nyingi huandamana.

ATHMANI: Mimi sikuulizwa na daktari kwanza. Ni mzee mmoja pale kwenye kahawa. Aliniangalia, akasema, "Athmani, na wewe, walala?" Basi. Nilikuwa na kashata mkononi, nikaanza kulia mbele ya watu. Yule mzee hakusema jikaze. Alinishika bega, akanimiminia kikombe cha pili, akaenda nami hospitali kesho yake.

MWANAISHA: Allah amlipe. Nyumbani mlibadilisha nini?

ATHMANI: Tuligawana usiku. Saa nne mpaka saa nane mtoto ni wangu, mke wangu alala. Ni katika saa hizo ndipo Rehema alipoanza kunicheka. Na mshauri nilimwona kwa miezi kadhaa, sikuona aibu tena.

MWANAISHA: Anayetusikiliza na amezidiwa, Hospitali Kuu ya Pwani ipo, Port Reitz wana kitengo cha afya ya akili, na namba ya Msalaba Mwekundu ni 1199, haina malipo. Ukifikiria kujidhuru, usingoje kuche, piga sasa.

ATHMANI: Kuna kijana pale stejini kwetu, mwanawe atimiza miezi mitatu wiki hii. Juzi alimfokea abiria mpaka tukamvuta kando. Nikitoka hapa nampitia.

MWANAISHA: Utamwambia nini?

ATHMANI: Sina la kumwambia. Nitamnunulia kahawa, nimuulize jana alilala saa ngapi.