Mwenye Kiwanda, Mwenye Nyumba, Mwenye Makaburi

Mwenyekiti, wanafunzi, na nyinyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, nashukuru. Wapo humu walionisikia nikiizungumzia Crespi d'Adda, kijiji ambacho mwenye kiwanda aliwajengea wafanyakazi wake, mara nyingi kiasi kwamba wanaweza kunimalizia sentensi. Wanivumilie. Nitaendelea kuizungumzia mpaka nisimsikie tena mtu akisema, "Yule tajiri alikuwa na huruma."

Niwaweke sawa haraka kwa wageni. Kaskazini mwa Italia, kati ya Milano na Bergamo, mto Brembo unamwaga maji yake kwenye mto Adda. Penye ncha ya ardhi iliyobanwa na mito hiyo miwili, mwaka 1878, Cristoforo Benigno Crespi, mtu wa biashara ya pamba kutoka Busto Arsizio, alianzisha kiwanda. Alifuata nguvu ya maji. Kandokando ya kiwanda zikaota nyumba, shule, kanisa, zahanati. Mwanawe Silvio akaendeleza. Mwaka 1995 UNESCO ikakiingiza kijiji kizima kwenye orodha ya urithi wa dunia. Basi, mengine mtasoma.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye maelezo ya UNESCO yenyewe. Yanasema vijiji vya namna hii vilijengwa na wenye viwanda walioelimika ili kukidhi mahitaji ya wafanyakazi. Walioelimika! Mimi nasema mpango wa kijiji usomwe kwanza, sifa zije baadaye. Na pa kuanzia kusoma ni makaburini.

Barabara kuu imenyooka. Mkono mmoja kiwanda, upande wa mto. Mkono wa pili nyumba za wafanyakazi. Ukiifuata mpaka mwisho inakutoa makaburini. Ukiingia tu, mbele yako limesimama kaburi la ukoo wa Crespi, kazi ya msanifu Gaetano Moretti wa mwanzoni mwa karne ya 20. Ni mnara wa mawe na saruji iliyonakshiwa, umepanda ngazi kwa ngazi, na kutoka kwenye tako lake kuta mbili zimetandaa kushoto na kulia. Mbele yake, kwenye majani, ndiyo makaburi ya wafanyakazi: alama ndogondogo, safu kwa safu, zimekaa chini kabisa. Kusoma jina la msokota nyuzi itakubidi uchuchumae. Sasa ukiwa umechuchumaa hivyo, inua shingo. Unamwona nani? Bosi. Amekuwa juu yako kiwandani, na hata hapa hajashuka.

Waongozaji watalii wana maelezo yao: zile kuta mbili ni mikono, mwenye mali anawakumbatia watu wake. Maelezo matamu. Mimi huuliza swali moja tu: aliyekumbatiwa aliombwa ruhusa? Na mbona mkumbatiaji amepata mnara na mkumbatiwa amepata jiwe la kufikia kifundo cha mguu? Kuna siku msikilizaji mmoja alinijibu kwamba kwenye kifo hata sultani ana kaburi lake. Kweli, ndugu yangu, lakini sultani hakukuambia kwamba lile kuba ni zawadi yako wewe.

Ukishayasoma makaburi, rudi kijijini kwa macho hayohayo. Jumba la ukoo limejengwa kama ngome, lina mnara, liko karibu na kiwanda. Nyumba ya daktari na ya padri zimewekwa kwenye mwinuko, zinaangalia mapaa ya wengine chini. Nyumba za wafanyakazi zimepangwa mistari, kila moja na kiuga chake cha mboga na uzio wake. Mameneja wana majumba yao makubwa pembeni. Hata kanisa: limenakiliwa kutoka kanisa la Busto Arsizio, mji wa kwao bosi. Watu walisali kwa Mungu wao kwenye kanisa la kwao yeye.

Naona mkono umeinuka pale, na swali nalijua. "Mzee, wenzao wa mijini walikuwa wanabanana chumba kimoja." Sawa, sikatai. Sheria ya Italia ya mwaka 1886 ilimruhusu mtoto wa miaka 9 kuingia kiwandani. Huo ndio ulikuwa wakati wenyewe. Crespi palikuwa na shule ya kampuni, bafu za maji moto, na pahali pa kufulia, kina mama wasiteremke mtoni na mabeseni. Ningekuwa na familia mwaka 1890, ningekwenda kuomba kazi pale mbio, na kofia mkononi. Lakini nyumba ilifuata kazi. Waliokulia kota za reli au kambi za mkonge hawahitaji mhadhara juu ya hilo: baba akiachishwa kazi Ijumaa, mama anafunga vyombo. Kwa hiyo mkinisifia kwamba wakati wa ukoo ule kijiji hakikujua mgomo, nacheka. Nani agome, wakati bosi ndiye mwenye nyumba, mwenye shule na mwenye kaburi alilomzika mama yako?

Na kwa anayejiuliza Italia inatuhusu nini: huyo Silvio Crespi, mtoto wa mwenye kiwanda, ni mmoja wa waliotia saini Mkataba wa Versailles kwa niaba ya Italia tarehe 28 Juni 1919. Kifungu cha 119 cha mkataba huo ndicho kilichomvua Mjerumani makoloni yake, na ndiyo njia iliyoifikisha Tanganyika mikononi mwa Mwingereza. Mkono uliopanga nani alale nyumba ipi kando ya Adda ulikuwemo pia kwenye kugawa ardhi yetu. Wala hapo hakuna aliyeombwa ruhusa. Nisiendelee, nitapandisha presha.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi, mbiombio. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliwamaliza: ukoo ukapoteza kiwanda na kijiji pamoja. Kikapita mikononi mwa wengine. Nyumba nyingi baadaye ziliuzwa kwa wakazi, na mashine za mwisho zilizimwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kuhusu kituo cha umeme cha mwaka 1909 nilikuwa na picha nzuri, tunaziacha. Habari ya matengenezo ya kiwanda nayo tunaiacha, ingawa ndiyo iliyo kwenye tangazo la mhadhara huu, mniwie radhi.

Moja tu kwa watakaokwenda kupima na kuchora. Crespi d'Adda si makumbusho. Nyumba zina watu, na wengi ni wajukuu wa wale waliokuwa wakiingia kwa kengele ya kiwanda. Kwenye uga kuna nguo zimeanikwa, jikoni kuna mtu anakaanga vitunguu. Bisheni hodi, mwamkie mwenye nyumba, ndipo mtoe kamera. Haya, yule kijana wa mkono ulioinuka, uliza.