Mnaniuliza kila siku: polisi wa Marekani wanaonaje ukibeba bastola?

Haya jamani, leo nalijibu hili swali maana komenti zimezidi, kila video lazima mtu aandike "bro huko Texas unatembea na chuma, polisi hawakukamati?" Na najua kuna watakaosema najishaua, wengine watasema nalialia, sawa tu, semeni.

Kwamba bunduki ziko kibao huku mnajua, hilo naruka. Texas tangu Septemba 2021 mtu mzima asiye na makosa makubwa anabeba bastola bila kibali chochote. Ila kabla ya hiyo sheria kupita, mabosi wengi wa polisi walipinga, hata Eddie García aliyekuwa mkuu wa polisi Dallas alijitokeza hadharani kuikataa. Hoja yao ni kwamba askari akifika kwenye vurugu usiku akakuta watu watano wana bastola, mbaya atamjuaje?

Sasa askari wa kawaida wengi wao wanasema tofauti na mabosi. Mwaka 2013 PoliceOne, tovuti ya habari za polisi, iliuliza polisi kama 15,000, zaidi ya asilimia 91 wakasema raia asiye na kosa kubwa na mwenye akili timamu abebe tu. Walijibu waliotaka wenyewe, lakini bado ni wengi. Masherifu wa vijijini, yaani wakuu wa polisi wa kaunti, nao wanapigiwa kura na hao hao wenye bunduki, sasa wewe unategemea waseme nini?

Mimi nina grini kadi kwa hiyo naruhusiwa kumiliki, ila nyie wa viza ya masomo au ya matembezi msijaribu, hilo ni kosa kwa sheria ya serikali kuu. Laisensi ya kubeba siyo lazima tena lakini nilikata, ada ya jimbo dola 40, bado darasa, bado alama za vidole. Dukani ndo usiseme, nimejaza fomu, namba ya uhamiaji wameandika, wakaniambia anwani ya kitambulisho hailingani na ninapokaa, rudi. Nimerudi, wakasema majibu ya ukaguzi wa rekodi yangu yamechelewa, subiri. Mzungu aliyekuwa nyuma yangu akatoka na yake muda huo huo! Halafu binamu yangu akaona picha akaandika kwenye grupu la familia "hela ya bastola anayo, ya mchango wa harusi hana." Kaka, mimi naendesha gari usiku huku, wewe unalala.

Laisensi nilikata kwa sababu ya kusimamishwa barabarani. Umebeba na askari akaomba kitambulisho, mwenye laisensi anatoa na hiyo pia, anajua huyu ameshachunguzwa. Inasaidia? Philando Castile, dereva mweusi kule Minnesota, alisimamishwa 2016, alikuwa na kibali, akamwambia askari kwa upole kwamba ana silaha, akapigwa risasi akafa, mchumba wake akiwa pembeni. Mwaka uliofuata mahakama ikamwachia askari. Sasa mimi mweusi, na lafudhi yangu hii ya Tanga, mikono inakaa juu ya usukani, taa ya ndani nawasha, sigusi kitu mpaka niambiwe.

Hayo ni yangu mimi, sikushauri ununue wala usinunue. Na laisensi ya Texas New York hawaitambui, nikienda huko kumsalimia dada bastola naiacha nyumbani, wewe wa jimbo lingine muulize wakili wa hapo ulipo.