Damu Kwanza, Kisha Dozi

Madaktari na wauguzi wenzangu, wengi wenu mmeshanisikia nikisema damu ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, na leo nayarudia kwa sababu wodini hali ni ile ile. Mtu anayeishi na VVU amelazwa usiku. Homa iko juu, kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, hakohoi wala haharishi. Ameandikiwa seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, na dozi ya kwanza imeshaingia mshipani. Asubuhi ninauliza: damu ya kuotesha bakteria maabara ilichukuliwa? Wote wanatazama faili.

Nianze na mgonjwa mmoja. Alikuja na homa ya siku tisa, CD4, yaani seli za kinga ambazo VVU huziharibu, chini ya 100. Dozi tulimpa usiku, damu tukaichukua kesho yake saa nne asubuhi, tena mililita tatu tu, chupa moja. Siku tano zikapita, maabara wakaandika: hakuna kilichoota. Homa ilikuwa imeshuka, tukamruhusu, na kwenye cheti tukaandika kwamba chanzo cha homa hakijulikani. Wiki tano baadaye alirudi akiwa amebebwa. Safari hii muuguzi wa zamu hakungoja kuambiwa. Alisafisha ngozi, akaiacha ikauke, akavuta mililita 20, kumi kumi kwa kila chupa, ndipo dawa ikafuata. Kesho yake jioni mashine ya kuoteshea ikatoa ishara kwamba kuna kilichoota. Ilikuwa bakteria aitwaye salmonela, si ile ya homa ya matumbo, ni ile nyingine ambayo kwa mwenye kinga imara huishia kwenye kuharisha siku chache. Ampisilini haikuisikia, yaani dawa haikuiua, kloramfenikoli haikuisikia, na kotrimoksazoli vivyo hivyo. Seftriaksoni iliisikia, na safari hii tulijua tunapigana na nani na hatukuishia njiani. Alipona. Siku ya kuondoka mke wake akaniuliza: "Daktari, mara ile ya kwanza mbona hamkuiona?"

Swali lile ninalo mpaka leo.

Hatukuiona kwa sababu tuliitafuta vibaya. Kwa mtu mzima mwenye bakteria kwenye damu, mililita moja mara nyingi haina hata bakteria kumi, na pengine haina hata mmoja. Ukichota kikombe kimoja bwawani ukakosa samaki, huwezi kutangaza kwamba bwawa halina samaki. Ukishamwaga dawa kwanza, hata hao wachache umewaua au umewadhoofisha wasiote chupani, huku wenzao waliojificha ndani ya seli wakibaki salama. Salmonela hukaa humo humo ndani ya seli nyeupe zilizopaswa kuimeza na kuiua, na VVU vinapopunguza CD4, seli hizo hukosa msaada wa kuimaliza. Ndiyo maana hurudi. Utafiti wa Malawi uliochapishwa 2002 uliwafuatilia watu wazima 100 waliopata salmonela hiyo kwenye damu, na karibu wote waliopimwa walikuwa na VVU, enzi ambazo ARV zilikuwa hazijawafikia wengi. Asilimia 47 walifia hospitalini. Kati ya walionusurika, asilimia 43 iliwarudia.

Najua kuna anayesema moyoni: majibu huchukua siku mbili tatu, nimwache mgonjwa azidiwe? Hapana! Sijawahi kusema umsubirishe mgonjwa. Kuvuta damu ni kazi ya dakika chache, na dozi inafuata hapo hapo kitandani. Majibu yakija ndipo unabadilisha dawa, unaipunguza au unaongeza siku. Mwingine atasema chupa ni ghali. Na siku kumi za dawa isiyofanya kazi, je? Na kitanda? Na mgonjwa kulazwa mara ya pili?

Wako pia wanaoniuliza: kama bakteria wengi ni sugu kwa kotrimoksazoli, kwa nini tunaendelea kuwapa watu wenye VVU dawa hiyo kila siku kama kinga? Jaribio la Zambia, lililochapishwa 2004, liliwapa watoto wenye VVU dawa hiyo mahali ambapo usugu ulikuwa mkubwa, na vifo vikapungua kwa asilimia 43. Dawa hiyo huzuia nimonia ya pneumosisti, inayoletwa na kuvu, na maradhi mengine mengi ambayo kisahani cha maabara cha kupima usugu hakiyapimi. Kwa hiyo usimwachishe mtu kinga kwa sababu ya jibu moja la maabara. Ila akipata homa huku anaitumia, usitegemee dawa hiyo hiyo imtibu.

Hapo hapo kuna mtego mwingine. Jentamaisini inaweza kutoa duara pana kabisa kuizunguka kwenye kisahani cha salmonela, duara lisilo na bakteria, ukadhani umepata dawa. Lakini haipenyi vizuri ndani ya seli, na mgonjwa haponi. Mwongozo wa CLSI, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya maabara, unazikataza maabara kuripoti kwamba salmonela inasikia dawa za kundi la jentamaisini. Ukiona jibu la namna hiyo, pigia maabara simu.

Muda umekwenda, naona mwenyekiti ananitazama. Pneumokoki, bakteria wa nimonia, nilitaka kuieleza kwa kirefu. Itoshe kusema nayo huwapata sana watu wenye VVU, na chanjo ipo. Klebsiela, bakteria mwingine, ile ya hospitalini yenye vimeng'enya vinavyoivunja hata seftriaksoni, itahitaji siku yake. Kifua kikuu kwenye damu hakioti katika chupa za kawaida; kinataka chupa zake na wiki kadhaa, kwa hiyo chupa tupu baada ya siku tano haijakiondoa.

Na lile swali la mapumziko, maabara ikiwa imefungwa usiku chupa iwekwe wapi: isiwekwe kwenye friji. Baridi inaua baadhi ya wale tunaowatafuta. Iache kwenye joto la chumba, andika saa uliyovuta damu, na ifike maabara mapema iwezekanavyo asubuhi.