Maziwa ya Soya ya Nyumbani kwa Afya ya Moyo: Hatua kwa Hatua

Karibuni watazamaji. Leo tunapika maziwa ya soya, na njiani tutaonyesha ni wapi faida ya moyo inapatikana na ni wapi watu wengi huimwaga.

Andaeni gramu 250 za soya kavu, maji safi, blenda, kitambaa cha kuchujia, mwiko, na sufuria ya lita 5. Sufuria isiwe ndogo, sababu mtaiona.

Chambueni soya kama mnavyochambua maharage: toeni mawe, punje zilizovunjika na zenye ukungu. Osheni, kisha lowekeni kwa lita moja ya maji saa 8 hadi 10. Kwenye joto la pwani badilisheni maji katikati, yasije yakachacha. Magadi msitie. Yanalainisha, ni kweli, lakini yanaongeza sodiamu, na mwenye presha anatakiwa kuikwepa.

Asubuhi pasueni punje moja kwa kucha. Ndani ikiwa bapa na rangi moja, imeiva kuloweka. Ikiwa bado ina kibonyo katikati, iacheni saa moja au mbili zaidi.

Hapa tusimame kidogo. Mkisugua maganda yatoke, angalieni hiki kijiti kidogo kinachodondoka nayo. Ndicho kiinitete. Soya ina viambata vya mimea viitwavyo isoflavoni, vikuu vikiwa jenisteini na daidzeini, na gramu kwa gramu kiinitete kinavyo vingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya punje. Kwa hiyo maganda yanayoelea yaondoeni, vijiti virudisheni. Mkiacha maganda yote pia hakuna ubaya. Maziwa yatakuwa mazito kidogo kuchuja.

Isoflavoni zinafanana kwa umbo na homoni ya estrojeni, ila nguvu yake ni ndogo sana. Hushika vipokezi vya homoni hiyo, vilivyomo hata kwenye kuta za mishipa ya damu, na baadhi ya tafiti zimeona mishipa ikitanuka vizuri zaidi. Matokeo hayafanani kwa kila mtu. Bakteria wa utumbo ndio wanaobadili daidzeini kuwa ekuoli, kiambata chenye nguvu zaidi, na si kila tumbo lina bakteria hao.

Turudi jikoni. Chemsheni lita moja ya maji hadi yatokote, mtumbukize soya, dakika 5, mwage maji hayo. Msiruke hatua hii. Soya ina kimeng'enya ambacho, punje ikisagwa kwa maji baridi, huunguza mafuta yake kwa hewa na kuleta ile harufu ya majani mabichi inayowafanya watoto wakatae kikombe. Maji yanayotokota hukiua.

Sasa sageni kwa lita 2 za maji ya moto, kidogo kidogo, dakika 2 kila awamu. Blenda isijae zaidi ya nusu, mvuke utarusha kifuniko. Chujeni, mkamue kwa nguvu.

Bandikeni maziwa moto wa wastani. Baada ya dakika chache povu litapanda ghafla kama yamechemka. Hayajachemka! Povu hilo linatokana na saponini, viambata vya soya vinavyotoa povu kama sabuni, na hupanda kabla maziwa hayajafikia kuchemka kwenyewe. Punguzeni moto, koroga chini kabisa yasishike, na yakianza kutokota hesabuni dakika 20. Soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia protini kumeng'enywa, na ndivyo vinavyosababisha tumbo kuuma na kuharisha. Ndiyo maana pia soya haisagwi mbichi kwenye unga wa lishe. Isoflavoni zenyewe haziogopi moto huu.

Tieni hiliki au tangawizi. Chumvi hapana, na sukari ikizidi mnaharibu kazi yote.

Kikombe cha mililita 250 kina takriban gramu 7 za protini. Mwaka 1999 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu vyakula vya soya vitangazwe kwamba gramu 25 za protini yake kwa siku, ndani ya mlo wenye kiasi kidogo cha mafuta mabaya, huenda zikapunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Mwaka 2017 ikapendekeza kuiondoa ruhusa hiyo, kwa kuwa tafiti za baadaye hazikukubaliana. Kolesteroli mbaya, ile inayoandikwa LDL kwenye majibu ya maabara, hushuka kwa wastani wa asilimia 3 hadi 4. Ni kidogo. Inakuwa na maana zaidi soya ikichukua nafasi ya nyama ya mafuta, na wala vidonge vya isoflavoni havijaonyesha kushusha LDL kama chakula chenyewe. Dawa za presha na kolesteroli msiziache.

Anayetumia dawa ya tezi iitwayo levothyroxine aachanishe na soya kwa saa 4. Anayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwambie daktari kwanza. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe maziwa haya badala ya ya mama, na mjue kalsiamu yake ni ndogo kuliko ya ng'ombe.

Machicha yaliyobaki kwenye kitambaa msitupe, yana nyuzinyuzi na sehemu ya isoflavoni. Kandieni chapati: kikombe kimoja cha machicha kwa vikombe vitatu vya unga, maji mpunguze. Ila yamepita motoni dakika 5 tu, kwa hiyo yachemsheni kwanza dakika 15 kwa maji kidogo. Maziwa yapoozeni haraka. Kwenye friji siku 3, bila friji yaishe siku hiyo hiyo. Yakikatika au yakinuka uchachu, mwageni.