Leseni Imerudi, Bima Je?

Wazee wetu, kina mama, na nyinyi vijana wa Probox mliotoka Kiboswa na Ahero asubuhi hii, asanteni kwa kuja. Nimeuza bima hapa Kisumu kwa miaka mingi, lakini leo sikubeba kitabu cha risiti. Nimekuja kwa ajili ya mwenzetu aliyeshikwa bila bima, akapigwa faini, akanyimwa leseni, na sasa anaona haya kuingia ofisi ya bima.

Sheria yenyewe ni ile ya Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, inayotulazimisha kuwa na thad pati, yaani bima ya kumlipa mtu mwingine ambaye gari lako limemuumiza. Ukipatikana na hatia, unakosa haki ya kuwa na leseni kwa miezi 12 tangu siku ya hukumu, isipokuwa hakimu aone sababu maalum ya kukusamehe hilo. Kama sababu unayo, iseme pale pale kortini. Wengi hukiri haraka ili walipe faini waende nyumbani, na habari ya miezi 12 huwafikia wakiwa mlangoni.

Sheria hiyo haimshiki aliye kwenye usukani peke yake. Mwenye gari akimruhusu mpwa wake aliendeshe bila bima, naye ana kosa. Kwa hiyo wewe uliyezuiwa, gari likikulisha, tafuta dereva, lakini bima itangulie. Nawe usiguse usukani, hata kama ni kufika Kondele tu. Bima nyingi humtambua dereva mwenye leseni halali ambaye hajazuiwa na korti.

Miezi ikiisha na leseni ikirudi, ndipo fomu ya kuomba bima inakuja. Wenye watoto Marekani mmesikia habari za SR-22. Huko, katika majimbo mengi, kampuni ya bima hupeleka hati hiyo serikalini kuthibitisha kwamba dereva aliyeadhibiwa ana bima, mara nyingi kwa miaka mitatu. Kwetu hati hiyo hakuna. Hapa anayeulizwa ni wewe: umewahi kushtakiwa kwa kosa la barabarani? Kuna kampuni iliyowahi kukukataa? Jamani, andikeni ukweli! Najua kuna mawakala watakaokuambia, "Wacha hiyo, weka 'hapana'." Usimsikilize. Ukificha, kampuni ina njia ya kuifuta bima yako siku ya ajali, na premium, yaani ada ya bima uliyolipa, haitakuokoa. Ukisema, huenda ikakuongezea bei au ikakukataa. Basi jaribu nyingine, au mwone broka, maana broka hafanyii kazi kampuni moja tu.

Mnaniona nikisema kwa uchungu. Kaka yangu aligongwa Mamboleo akivuka barabara. Aliyemgonga alikuwa na stika ya bima kiooni, na stika ilikuwa ya uongo. Kesi tulishinda. Mguu wake una vyuma hadi leo, na karatasi ya hukumu iko kabatini kwa mama, haijatuletea hata shilingi. Bima halali ingemlipa, kwani thad pati ya lazima ni ya mtu aliyeumia au kufa, hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja.

Mambo ya pesa nitayasema haraka. Bima hulipiwa kabla haijaanza. Anayekuahidi "endesha tu, utalipa mwisho wa mwezi" anakuingiza shimoni. Juu ya premium kuna asilimia 0.25 ya premium hiyo kwa mfuko wa kufidia wenye bima, asilimia 0.2 kwa mafunzo ya bima, na shilingi 40 za stempu. Premium ikiwa 10,000, utatoa 10,085. Ukiambiwa 12,000, uliza hizo nyingine ni za nini, na uonyeshwe kwa maandishi. Cheti siku hizi ni cha kidijitali, kwa hiyo kabla hujaondoka hakikisha namba ya gari lako inaonekana kwenye mfumo wa kampuni za bima.

Mama mmoja ameniuliza hapo mlangoni: mume wangu amezuiwa na gari limelala uani, je, niendelee kulipa? Mama, thad pati ni ya gari linalotumika barabarani. Likilala ndani ya boma lako miezi yote hiyo, hiyo unaweza kuiacha. Lakini likiungua au likiibwa, thad pati isingekulipa hata hivyo. Hilo ni la komprehensivi, bima kubwa inayofidia hata gari lenyewe. Na siku yoyote atakayokuja fundi kulitoa nje kidogo alijaribu, mwambie asubiri, kwanza nunua bima.