Usiizime Ruta Kwanza

ZAITUNI: Karibuni tena wasikilizaji, tupo hapa Mwanga, Kigoma mjini. Leo moja kwa moja kwenye maswali, kwa sababu hili moja limetufikia kutoka kwa watu wengi. Nasoma la msikilizaji wa Katubuka: "Nina kompyuta ya mezani nyumbani, ruta ya laini iko sebuleni. Bando lipo. Waifai inashika, baada ya muda inaachia. Nazima ruta, nawasha, inarudi, halafu yale yale. Mwanangu anajaza maombi ya mkopo wa chuo na ukurasa unagoma katikati. Ninunue ruta mpya?"

JUMA: Asinunue. Na kabla ya yote namwomba aache kuizima ruta.

ZAITUNI: Fundi, lakini hiyo ndiyo dawa ya kila nyumba.

JUMA: Ndiyo, na mara nyingi inasaidia, hapo ndipo ubaya wake ulipo. Ukizima ruta umegusa vitu vitatu kwa mpigo. Laini inatafuta mnara upya, waifai inaweza kuchagua chaneli nyingine, yaani njia nyingine ya mawimbi, na kompyuta inaomba upya anwani, ile namba yake ya mtandao. Mtandao ukirudi, utajuaje kilichokuwa kimekwama ni kipi? Kesho kinakata tena na hujapiga hatua.

ZAITUNI: Sawa. Imekata sasa hivi, yuko mbele ya kompyuta. Aanze na nini?

JUMA: Achukue simu iliyoungwa kwenye waifai ile ile, akae pale pale kwenye kiti cha kompyuta, afungue ukurasa wowote. Simu ikifungua vizuri wakati kompyuta imegoma, basi laini na kampuni hazina kosa. Shida iko kwenye kompyuta.

ZAITUNI: Na azime data ya simu kabisa. Simu nyingi siku hizi waifai ikisuasua zinahamia kwenye data bila kusema. Mtu anaapa simu yake iko sawa, kumbe haipo kwenye waifai.

JUMA: Asante dada, hilo linawapoteza wengi. Sasa, simu nayo ikigoma, tunaingia kwenye kipimo ambacho mimi nakiamini kuliko vyote, na hakihitaji programu yoyote ya kupakua. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, halafu Enter. Litafunguka dirisha jeusi. Andika ipconfig. Tafuta mstari wa Default Gateway, mbele yake kuna namba, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, au nyingine inayofanana. Hiyo ndiyo ruta yako.

ZAITUNI: Hiyo namba aiandike pembeni.

JUMA: Aiandike. Kisha aandike ping, aache nafasi, aweke hiyo namba, aache nafasi, aweke kistari na herufi t. Kompyuta itaanza kuiita ruta kila sekunde bila kukoma. Afungue dirisha la pili, afanye vile vile, ila safari hii aweke 8.8.8.8. Hiyo ni anwani ya Google, iko nje kabisa ya nyumba. Ayapange madirisha yote mawili yaonekane kwa pamoja, aendelee na shughuli zake.

ZAITUNI: Hapo mtu anawaza bando lake.

JUMA: Kuiita ruta hakuli bando kabisa, kunaishia humo humo ndani. Kule nje, ujumbe mmoja ni baiti 60 kwenda na 60 kurudi. Saa nzima haifiki hata MB moja. Aache iendelee, na akimaliza abonyeze Ctrl na C.

ZAITUNI: Ikikata, anaangalia nini?

JUMA: Anaangalia ni dirisha lipi lililonyamaza. Ruta inajibu kwa milisekunde chache lakini 8.8.8.8 imeandika Request timed out, yaani jibu halikuja, basi waifai yako ni nzima, lililokatika ni kati ya ruta na mnara, au ndani ya kampuni. Yakinyamaza yote mawili, angalia ruta: kama taa zinawaka kama kawaida, kilichokatika ni kile kipande kifupi cha kutoka kompyuta hadi ruta, ndani ya nyumba yako mwenyewe. Na kuna hali ya tatu: yote yanajibu, ila milisekunde za ruta zinapanda kutoka 3 hadi 400, zinashuka, zinapanda tena. Hapo mawimbi ni dhaifu au kuna kinachoyaingilia.

ZAITUNI: Na yakijibu vizuri yote mawili, ila tovuti hazifunguki?

JUMA: Hiyo ni DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao, sehemu ya DNS, weka 8.8.8.8 au 1.1.1.1. Tusikae sana hapo, kukata na kuachia kwa namna hii mara chache kunatokana na DNS.

ZAITUNI: Basi tukae kwenye kile kipande cha ndani ya nyumba. Hebu waeleze wasikilizaji ile kompyuta ya Gungu.

JUMA: Ya yule mwalimu. Kompyuta ya mezani, kasha lake liko sakafuni, limeegemezwa kwenye kabati la chuma. Waifai anaipata kwa kile kidude cha kuchomeka kwenye USB, hakizidi ukucha wa kidole gumba, na kimechomekwa nyuma, upande wa ukutani. Fikiria mawimbi yanatoka sebuleni, yanapita ukuta wa tofali za kuchoma, yanakutana na kabati la chuma, halafu kasha la kompyuta lenyewe, ambalo nalo ni chuma. Na bado. Tundu la jirani na kile kidude ni USB ya bluu, USB 3.0, na hapo kulikuwa na diski ya nje.

ZAITUNI: Diski inahusika vipi na waifai?

JUMA: USB 3.0 ikisafirisha data hutoa kelele ya redio, na kelele hiyo inaangukia kwenye gigahezi 2.4, masafa yale yale ya waifai ya kawaida. Intel, wale watengenezaji wa chipu za kompyuta, waliandika juu ya jambo hili mwaka 2012. Ni sawa na kujaribu kuongea na mtu pale mwalo wa Kibirizi wakati injini ya boti inanguruma ubavuni mwako. Mwalimu alikuwa anasema mtandao unakufa kila akihifadhi kazi za wanafunzi. Alikuwa anasema kweli tupu, na watu walikuwa wanamwona anatunga.

ZAITUNI: Na ulichomfanyia ni kitu kidogo sana.

JUMA: Waya wa kurefusha USB. Kidude kikatoka nyuma ya kasha, kikapanda juu ya meza, mbali na diski. Tukaandika netsh wlan show interfaces kwenye lile dirisha jeusi, linaonyesha nguvu ya mawimbi kwa asilimia. Ilipanda palepale, tunaiona. Ndiyo maana nasema pima kabla na pima baada.

ZAITUNI: Mimi nina langu hapa, fundi. Kigoma ni mji wa vilima. Nyumba iko bondeni, mnara uko nyuma ya kilima, na paa ni bati. Kwa hiyo ruta ya laini inabidi ikae dirishani, upande unaouona mnara. Lakini kompyuta iko chumba cha ndani. Ukiisogeza ruta kwa kompyuta, 4G inaanguka. Ukiirudisha dirishani, waifai inaanguka. Watu wanazunguka na ruta nyumba nzima.

JUMA: Mpe mnara haki yake. Ruta ibaki dirishani, halafu kompyuta ya mezani ipewe waya. Kompyuta hiyo haitembei, kwa nini tuihangaishe na waifai? Waya wa mtandao unafika hadi mita 100, na chumba hadi chumba ni mita kumi, kumi na tano. Upitishe darini, tundu moja nyuma ya ruta, jingine kwenye kompyuta. Kwa kompyuta ya mezani, mimi waya naupendekeza hata kama waifai haisumbui.

ZAITUNI: Mwenye laptopu je?

JUMA: Laptopu, kwanza angalia kama Windows haiizimi waifai yenyewe ili kuokoa betri. Bofya kulia kwenye kitufe cha Start, ingia Device Manager, Network adapters, fungua kadi ya waifai, kwenye Power Management toa tiki ile ya kuruhusu kompyuta kukizima kifaa. Zipo laptopu zisizo na ukurasa huo, usihangaike. Na kama unakaa penye nyumba zilizobanana, ingia kwenye ruta uweke chaneli 1, 6 au 11. Hizo tatu haziingiliani. Ruta ikiwa na gigahezi 5, itumie ukiwa chumba kimoja nayo. Ukutani inachoka mapema kuliko 2.4.

ZAITUNI: Umeme hatujaugusa.

JUMA: Tuuguse, maana mji huu ulikaa miaka mingi kwenye jenereta za dizeli na tunajua umeme kupiga chini ni nini. Friji ikiwaka, taa za ruta zikazima zote zikaanza upya, hiyo si waifai, ruta imekosa umeme. Angalia na adapta yake. Kama iliyokuja nayo iliungua ukaweka ya king'amuzi, soma maandishi ya chini ya ruta: ikisema volti 12 na ampea 1, adapta iwe volti 12 hizo hizo, na ampea zisipungue.

ZAITUNI: Na kama kipimo kimeonyesha kosa liko nje?

JUMA: Piga huduma kwa wateja ukiwa na picha ya yale madirisha mawili, ruta inajibu, nje hapajibu, na saa iliyotokea. Atakayekupokea hatakuwa na sababu ya kukuambia uzime na kuwasha.

ZAITUNI: Ila yule mtoto wa Katubuka ana fomu. Hawezi kusubiri waya wa darini.

JUMA: Leo hii aunganishe simu kwenye kompyuta kwa waya wa chaji, lakini uwe waya unaopitisha data, awashe data, aingie kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya kugawa intaneti, achague USB. Kompyuta itapata mtandao bila waifai wala ruta. Amalize fomu, apakie viambatisho, asubiri ujumbe wa kuthibitisha ndipo achomoe.